Godoro Lako na Sanduku la Mama Elia

Mwanangu Lea,

Leo nimefunga duka saa tisa. Umekwenda Gare kumuaga bibi yako, na namjua mama yangu, hatakuachilia mpaka ule mara mbili na ubebeshwe mapeasi yatakayokuozea kwenye basi. Kwa hiyo nina jioni yote, na meza ya kukatia vitambaa iko wazi. Naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja kwa kuwa karatasi nyingine sina. Ukikuta nyuma ya ukurasa kiuno cha mke wa mchungaji, usikisome.

Sitakuandikia habari za kula, kusali wala kufunga mlango. Hayo nimekuimbia tangu unaota meno. Nakuandikia kwa sababu juzi ulipokuwa unapanga nguo uliniuliza jambo nikakujibu ovyo. Ulisema umewapata vijana wanne wa chuo huko Dodoma, mmezoeana kwenye simu, na kila Jumamosi wanacheza ule mchezo wetu wa hadithi. Wamekwambia kila anayejiunga anunue kitabu chake kikubwa na dadu zake. Ukaniuliza, "Mama, ninunue kipi ili hela isiende bure?" Nikakwambia usinunue chochote, huo si mchezo wa mtu mwenye akili. Halafu nikaenda jikoni nikagonganisha masufuria.

Uliona nimekasirika. Hukujua nimemkasirikia nani. Sasa nakwambia, na ukimaliza kusoma utakuwa na haki ya kunikasirikia na mimi.

Mchezo ulivyoanza unakumbuka kitoto, kwa hiyo nianze mwanzo. Mama Elia, mama yako wa ubatizo, alikuwa mpishi kwenye hosteli ya wageni. Binti mmoja wa kigeni aliyekuja kujitolea kwa miezi michache, siku ya kuondoka alimwachia kijitabu chembamba cha Kiingereza na kifuko cha dadu za ajabu, nyingine za pembe nne, nyingine za nyuso ishirini. Mtu mwingine angewapa watoto wachezee. Mama Elia alikisoma chote. Maneno yaliyomshinda alimpelekea Mwalimu Hoza, yule mstaafu, na wawili hao wakakaa mwezi mzima wakiandika kwa mkono, kwa Kiswahili, kurasa thelathini. Tukatoa kopi nne steshenari. Pini zilikuwa zinang'oka, nikazishona kopi zote kwa uzi wa kushonea jinzi. Kopi yangu ndiyo ile yenye doa la chai, na mpaka leo haijaachia ukurasa hata mmoja.

Kila Jumapili alasiri, Walutheri tumetoka kanisani na Zaina wa karoti amerudi kutoka sokoni, tulikaa wanne kwenye meza hii. Mama Elia anasimulia nchi na hatari zake. Sisi watatu kila mmoja anambeba mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu au ameanguka korongoni. Hakuna mshindi. Mzee mmoja wa kanisa alipita akaona dadu akauliza kama tunacheza kamari. Mama Elia akamjibu, "Kwenye kamari mtu anapoteza hela, mzee. Hapa tunapoteza muda tu." Tulicheka sana siku hiyo. Sasa nikikumbuka sicheki.

Mwalimu alikuwa mchukuzi mwoga anayejua kila njia ya msitu. Mimi nilikuwa askari mkaidi, nadhani hilo halikushangazi. Zaina, ambaye mizani yake ya karoti haijawahi kudanganya mteja, alikuwa mwizi. Aliiba mpaka vitu visivyoibika. Aliwahi kuiba mlango. Tukimuuliza anasema, "Sokoni namwogopa Mungu, hapa niacheni nipumue."

Ramani tulichora kwa chaki yangu ya kukatia, moja kwa moja kwenye mbao. Watu wetu walikuwa vifungo. Mimi kifungo cha koti la mgambo, Mwalimu kifungo cheupe cha shati la shule, Zaina kifungo chekundu cha gauni la harusi ambalo mwenyewe hakuja kulichukua. Zimwi kubwa lilikuwa kifungo cha koti la bibi yako, kile cha pembe. Tukimaliza nafuta meza kwa kitambaa cha maji, Jumatatu nakata sare juu yake.

Nilikuja kupiga hesabu baadaye, nikiwa na hasira. Ukichukua kopi na chaki, vyote tulivyotumia, ukagawa kwa Jumapili tulizocheza miaka minne, kila Jumapili ilitugharimu chini ya andazi moja. Na andazi unalimaliza kwa dakika mbili. Wenzako wa Dodoma wakikutajia bei ya kitabu, usiulize ni ghali au rahisi. Uliza mtakaa nacho mara ngapi. Kitabu cha laki kinachofunguliwa kila Jumamosi ni rahisi kuliko cha elfu kumi kinachokaa chini ya kitanda.

Sasa nifike pabaya.

Yule anayesimulia tulimwita zumbe, kama wazee wa milima hii walivyowaita watawala wao. Tulianza kwa utani. Zumbe akisema mvua imenyesha, imenyesha. Zumbe akisema daraja limekatika, hata kama wewe askari ulikuwa katikati yake, limekatika, na hubishi. Mchezo bila hivyo hauendi. Lakini mwanangu, sisi jina hilo tulitoka nalo mezani. Mama Elia alinizidi miaka kumi na miwili. Mimi na Zaina tulimpa shikamoo popote tulipomkuta, stendi, kisimani, msibani. Hata Mwalimu, ambaye kwa umri ndiye aliyestahili kupewa, alifikia kumwita zumbe mbele ya watu sokoni. Mtu mkishamzoea hivyo, hata asipokuwa mezani mnamwitikia tu.

Siku moja akaja na simu. Ameona sanduku linauzwa nje ya nchi, lina vitabu vitatu vya jalada gumu, ramani za rangi, visanamu vya mashujaa na mazimwi. Akatuonyesha picha moja moja hapa mezani. Zaina akasema, "Hilo zimwi si tunalo, kile kifungo cha bibi?" Tukacheka, lakini macho yetu yalikuwa yameshanunua. Hatukupungukiwa na kitu, Lea. Tulikuwa tunafurahi kila Jumapili. Tulidhani tukiongeza vitu tutafurahi zaidi. Wala hatukujiuliza ni kipi kwenye lile sanduku tulichokikosa jana yake.

Tukachanga. Mwalimu alitoa kwenye pensheni, Zaina kwenye karoti za msimu. Nami nilitoa, nitakwambia nilitoa wapi. Hela zote tukampa zumbe mkononi, azitume yeye kwa mtu wake wa Dar es Salaam. Hakuna aliyeandika popote. Hakuna aliyeuliza sanduku litakaa kwa nani, mmoja wetu akihama itakuwaje, ushuru wa kulitoa bandarini ni kiasi gani. Zaina pekee alifungua mdomo.

"Dada, ukishalipa si watakupa risiti?"

Mama Elia alimtazama tu. Mwalimu akasema, "Zaina, zumbe haulizwi." Na mimi, mwanangu, nilimkanyaga Zaina mguu chini ya meza. Akaona aibu. Akasema, "Nisamehe dada, sikuwa na maana mbaya." Mtu pekee mwenye akili katika chumba hiki ndiye aliyeomba radhi.

Nimelifikiria hilo kuliko jambo lolote. Mtu uliyempa shikamoo asubuhi, unaanzaje kumdai risiti mchana? Sisi tumelelewa hivyo na nimekulea wewe hivyo. Sijutii heshima. Najutia kwamba niliitumia kama shuka, nikajifunika nisione.

Sanduku likawa njiani. Halafu likawa bandarini. Halafu ushuru umepanda. Halafu, Jumapili moja, Mama Elia akaja amevimba macho, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akasema limepotea, yule mtu wa Dar hapokei simu. Alilia kweli. Tukampa pole. Zaina alimletea kabichi na viazi wiki nzima. Mimi nilimshonea blauzi ya kitenge, bure, kumfariji. Niliibana vizuri kiunoni maana alikuwa amekonda. Hiyo blauzi ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Haukupita muda akahamia Korogwe kwa dada yake. Dadu alizichukua, zilikuwa zake, sina neno. Tulijaribu kucheza bila yeye, Mwalimu akiwa msimulizi, tukichagua karatasi za namba zilizokunjwa badala ya dadu. Tukaachana baada ya Jumapili tatu. Kila mtu alimhurumia Mama Elia, na huruma hiyo ndiyo iliyotuua, maana hatukuona sababu ya kucheka tena.

Zaina ndiye aliyejua. Alikwenda stendi kwenye ofisi ya mizigo kuchukua mbegu zake. Dada wa pale, anayetujua sote, akamuuliza, "Lile sanduku zito la mwenzenu lilikuwa na nini? Nilimsaidia mwenyewe kuliinua." Zaina akauliza lini. Akafunguliwa daftari. Sahihi ya Mama Elia ilikuwa pale, wiki mbili kabla ya siku aliyokuja kulia kwenye kiti changu.

Zaina alifika hapa akiwa na mfuko wa mbegu begani, hakuutua. Akasema, "Lilifika." Sikuelewa. Akasema, "Sanduku. Lilifika, Mama Lea. Alilibeba mwenyewe." Kisha akaenda zake, maana hakutaka nimwone anavyolia.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi fundi wa nguo, nilikaa naye miaka minne, na sikuhisi hata kuwashwa.

Hasira yangu haikuwa ya hela. Hela ningesema nimeibiwa, basi, watu wanaibiwa. Niliamini anacheza. Nikikata kitambaa nawaona watu wengine Korogwe, meza nyingine, visanamu vimepangwa juu ya zile ramani za rangi, na yeye anawasimulia kwa ile sauti yake ya chini mpaka mtu anasahau chai. Hadithi yetu ilikatikia kwenye pango. Kifungo changu kilikuwa mbele ya pango. Niliona kama ametufungia mlango wetu wenyewe akaingia na wageni. Kwa hiyo uliponitajia mchezo juzi, sikukusikia wewe. Nilimsikia yeye.

Na hela yangu niliitoa wapi? Ni mwaka ule ulioingia kidato cha tano. Ilikuwa hela ya godoro lako na tranka. Nilikwambia wateja wa sare hawajalipa. Walikuwa wamelipa, wote, hata wale wa Rangwi ambao siku zote huwa wa mwisho. Ulikwenda bweni na lile godoro la zamani lenye shimo katikati. Ulipokuja likizo uliniambia mara moja tu kwamba mbao za kitanda zinakugusa ubavu. Nikasema muhula ujao. Ukasema, "Sawa mama, hamna shida." Hukulitaja tena miaka miwili. Kila asubuhi ya likizo ulinipa shikamoo ukanyamaza, na mimi nikaitikia marahaba, nikijua. Yaani nilikufanyia kilekile nilichofanyiwa, tena mimi nilianza.

Sijamaliza. Kuna jingine la karibuni.

Wiki tatu zilizopita kifurushi kilikuja stendi. Kimeandikwa jina lako, kimetoka Korogwe. Niliuona mwandiko nikaujua. Nilikibeba, nikakiweka chini ya rundo la vipande vya mapazia pale pembeni, nikanyamaza. Wiki tatu umekuwa ukipita karibu nacho ukifagia. Juzi ulipouliza swali lako, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye jibu. Usiku ule nilichana karatasi ya juu. Barua ya mtu mwingine haifunguliwi, hilo nimekufundisha mimi. Nilifungua.

Ni lile sanduku. Lea, bado lina plastiki ya kiwandani. Imebana vilevile, hata kona haijachubuka. Hakuna mkono ulioligusa kwa ndani. Miaka miwili nimewaona watu wa Korogwe wakicheza, na hawakuwepo.

Ndani ya karatasi kulikuwa na maneno machache, nayanakili kama yalivyo, barua yenyewe nimeiweka humu. "Lea mwanangu, sanduku hili ni la mama yako na wenzake. Nililichukua nikaliuze nimlipie Elia ada, alikuwa anafukuzwa chuo. Niliwapelekea wageni na maduka, halikupata mnunuzi. Elia akarudi nyumbani. Nikaona aibu kulirudisha. Sikulifungua, halikuwa langu kulifungua peke yangu. Nasikia unakwenda chuo. Lichukue. Siku ukipita Korogwe nitakuja stendi nikuone, kama mama yako ataruhusu."

Nilikaa chini kwenye vipande vya nguo. Ningemsamehe upesi zaidi kama angelicheza. Angalau ningesema mtu kalifurahia. Hela za watu watatu, hadithi ya miaka minne, godoro la mtoto, vyote vimekaa ndani ya plastiki kwenye nyumba ya mtu Korogwe vikisubiri aibu iishe. Aibu haikuisha.

Halafu likanijia jambo ambalo silipendi. Mimi nilimnyima mtoto wangu nikaupa mchezo. Yeye aliunyima mchezo ampe mtoto wake. Ukitupima kwa futi moja sijui nani mrefu. Nimelisema hapa mara moja, usitegemee nitalisema mbele yake. Bado alinidanganya akiwa amekaa kwenye kiti changu. Bado alivaa blauzi yangu.

Haya, swali lako. Safari hii nalijibu bila masufuria.

Usinunue kitu kabla hujakaa nao Jumamosi tatu. Siku ya kwanza kila mtu ana bidii. Ya tatu ndiyo utajua nani anakuja kwa mchezo na nani anakuja kwa sambusa. Na hiyo sheria yao ya kila mtu kitabu chake, waulize kwa nini. Anayehitaji kitabu ni msimulizi. Wengine mnahitaji karatasi moja na penseli, na kukaa karibu naye. Mkiwa watano na kitabu kimoja kinachozunguka, mtakijua vizuri kuliko mkiwa na vitano vinavyopambwa kwenye rafu. Wenye kutengeneza michezo hii wengi hutoa kijitabu cha kuonjea bure mtandaoni. Onja kwanza. Kitambaa hakinunuliwi kwa picha, unakishika, unakivuta, unakiona kwenye jua.

Dadu nunua. Seti moja ni bei ndogo, inadumu, na ile ya nyuso ishirini huwezi kuitengeneza kwa kifungo. Visanamu usinunue. Nimekufungia vifungo kumi na viwili kwenye kile kifuko cha bluu, wa kwangu yumo, askari wangu. Ramani chora. Milima umezaliwa nayo, huna haja ya kuiagiza kwa ndege. Ukiona kitabu cha nyongeza, nacho hakiishi kutoka, jiulize ni Jumamosi ipi mlikwama kwa kukikosa. Kama huikumbuki, hamkukwama.

Kama siku moja utakitaka kitabu kwa uzuri wake tu, ukisome peke yako kitandani, kinunue, si dhambi. Lakini jiambie ukweli kwamba unanunua kitabu cha kusoma. Sisi tulijiambia tunanunua Jumapili, na Jumapili zilikuwa zetu tayari. Kikitoka nje ya nchi, uliza bei ya mpaka mkononi, na usafiri na ushuru, siyo bei ya kwenye picha. Wala usijidanganye kwamba ukikichoka utakiuza. Mama Elia alilitembeza sanduku lile kwa kila mgeni, na hakuna aliyelitaka.

Mkichanga, andikeni. Kitu ni cha nani, kinakaa kwa nani, anayeondoka anaondoka na nini. Andikeni mkiwa bado mnapendana, mkiwa mnacheka. Asiyetaka kuandika siku hiyo, cheza naye, mpende, lakini hela yako usimpe. Na akitokea mwenzenu mmoja anauliza maswali ya kukera, usimkanyage mguu.

Jana niliwaita Zaina na Mwalimu, nikawaonyesha. Zaina alipitisha kiganja juu ya plastiki, taratibu, kama anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Hakumtaja Mama Elia. Akasema, "Mpe mtoto. Mimi kifungo changu ninacho." Mwalimu akasema, "Aende nalo. Ila alifungue hapa. Nataka niisikie plastiki ikichanika." Kwa hiyo kesho alfajiri watakuja wote wawili kukusindikiza stendi, na kabla hatujatoka utalichana mbele yetu hapa mezani. Ukitaka kulibeba, libebe. Ukitaka kutuachia, tuachie, tumebaki watatu na pango letu. Lakini lisitoke kwenye chumba hiki likiwa limefungwa.

Pale mlangoni, kile kitu kilichoviringishwa na kufungwa kamba ya katani ni godoro. Inchi sita. Najua chuoni wana magodoro. Najua kondakta atalalamika na utaona haya mbele ya wenzako. Libebe hivyohivyo. Risiti yake nimeibana kwenye ukurasa huu kwa pini, angalia tarehe, ni ya juzi, baada ya kukujibu vibaya. Limechelewa miaka miwili. Ulipaswa kuniuliza, Lea, na mimi nilipaswa kuwa mama anayeulizika. Kuanzia kesho niulize. Nikikutazama tu kama Mama Elia alivyomtazama Zaina, uliza mara ya pili.

Basi litasimama Korogwe, watu washuke kula. Atakuwepo, namjua, siku ya kufungua chuo atakuwa ameshaiulizia, na atakuwa amefika saa mbili kabla ya basi. Amesema kama nitaruhusu. Naruhusu.

Usimfokee. Usimpe salamu zangu, maana sijatuma. Ukimwona amevaa ile blauzi ya kitenge, usiniambie. Yule alikushika kwenye maji ya ubatizo, na mimi sikukulea uwapite wakubwa bila heshima. Mpe shikamoo yake kamili, uiname kidogo, usubiri mpaka aitikie marahaba.

Akishaitikia, mwombe risiti.

Mama yako